Kusogezwa mbele ni kuwahi au kuchelewa? Kiingereza cha miadi na jinsi kinavyotukosesha nafasi

Binti wa dada yangu alikuwa na usaili wa kazi siku ya Jumatano. Jumatatu mchana, akiwa kwenye daladala ya Makumbusho, ukaingia ujumbe: "Your interview has been brought forward by one day." Akausoma mara mbili. Akaelewa kama ambavyo wengi wetu tungeelewa, kwamba usaili umesogezwa mbele siku moja, na Jumatano ikisogea mbele inakuwa Alhamisi. Akashukuru Mungu kwa kupata siku ya ziada ya kujiandaa. Alhamisi saa mbili kasorobo asubuhi alikuwa mapokezi, bahasha ya vyeti kwapani, blauzi ameipiga pasi usiku kabla umeme haujakatika. Dada wa mapokezi akapekua daftari lake, akamtazama, akamwambia kwa upole: "Mdogo wangu, usaili wako ulikuwa juzi."

Binti huyu ana shahada. Tangu kidato cha kwanza masomo yake yote, ukiacha Kiswahili, ameyasoma kwa Kiingereza. Kwa hiyo anayesema kwamba hajui Kiingereza anamwonea. Alijua maana ya kila neno katika ule ujumbe. Kilichompoteza ni kwamba "forward" ya Kiingereza na "mbele" yetu, zikifika kwenye miadi, kila moja inaelekea upande wake.

Nimefundisha Kiingereza cha jioni kwa watu wazima kwa miaka kadhaa, na visa vya namna hii nimevisikia vingi kuliko makosa ya sarufi ambayo vitabu vinahangaika nayo. Siku hizi mkazi wa Dar es Salaam anapangiwa miadi kwa Kiingereza na hospitali binafsi, na ubalozi anakoomba viza, na benki, na waajiri, hata na saluni za Masaki na Mikocheni. Ujumbe una mistari miwili tu, lakini ukiuelewa kinyume unapoteza kazi, au zamu ya kumwona daktari uliyoisubiri mwezi mzima. Hebu tulifumue jambo hili taratibu.

Miadi ni makubaliano ya kukutana mahali fulani, siku fulani, saa fulani. Kiingereza kinasema "appointment", na mtaani neno hilo tumeshalifanya letu: nina apointimenti na daktari wa macho. Ila Mwingereza halitumii kila mahali. "Appointment" ni ya kumwona mtu anayekuhudumia au mwenye ofisi yake: daktari, wakili, mwalimu mkuu, msusi. Watu wakikaa kuzungumza jambo, hicho ni kikao, "meeting". Ukienda kunywa chai na rafiki hiyo si "appointment", utasema "I'm meeting a friend", basi.

Mitego ya kwanza miwili iko hapa. Kwetu mtu anaweza kusema "nina ahadi na daktari", na kila mtu akaelewa. Ukiipeleka hivyo hivyo kwa Kiingereza ukasema "I have a promise with the doctor", msikilizaji atadhani daktari amekuahidi kitu. Mtego wa pili ni mkubwa zaidi. Kadi ya kliniki ina tarehe, nesi anakuuliza "tarehe yako lini?", na tarehe kwa Kiingereza ni "date". Lakini "I have a date with my manager" maana yake unatoka na meneja wako kimapenzi. Nimewahi kumsikia mzee mmoja mwenye heshima zake akimwambia daktari wa kigeni "We have a date today." Daktari alimwelewa, akampokea vizuri, lakini mzee alipokuja kuelezwa baadaye alijisikia vibaya, nami nilimsikitikia. Sema "appointment", utabaki salama.

Sasa tuje kwenye kubadilisha. Chukua kikao cha kamati ya harusi kilichopangwa Jumapili saa kumi jioni. Kinaweza kupatwa na mambo matatu. Kikifutwa, yaani hakipo tena, hiyo ni "cancelled". Neno hili asili yake ni Kilatini, likimaanisha kuchora mistari ya kukatana juu ya maandishi, kama tunavyolikata jina kwenye daftari la michango. Kikiahirishwa, yaani bado kipo lakini kitakuja baadaye, ni "postponed". Hilo nalo ni la Kilatini, maana yake kuweka baada ya. Angalia kwamba siku mpya inaweza kutajwa au isitajwe. Ukiona "postponed until further notice", usiulize tarehe maana haipo, ni hadi itakapotangazwa tena. Na kikipangiwa siku au saa nyingine ni "rescheduled", na hapa watu wengi wanateleza. "Rescheduled" haisemi kama ni mapema au ni baadaye. Inasema tu kwamba ratiba imebadilika. Anayeona neno hilo akajua moyoni kwamba amepewa muda zaidi amejiongezea maana ambayo haimo.

Wenyeji wa lugha hiyo wakizungumza hawapendi sana maneno hayo ya Kilatini. Wanasema "called off" na "put off", na tofauti ya hayo mawili ni kubwa kuliko herufi zake. "The wedding has been called off" ni habari nzito: harusi haipo, wenye sare warudishe vitambaa kwa fundi. "The wedding has been put off" ni kwamba harusi ipo, subirini. Katika "called off" hakuna simu iliyopigwa, ingawa wanafunzi wangu wengi wanaitafuta hiyo simu.

Mahakamani kuna la kwao. Wanaofuatilia kesi pale Kisutu wanalijua "adjourned", kesi kuahirishwa, neno ambalo ndani yake mna neno la Kifaransa la siku, kwa sababu hakimu anapoahirisha huwa anapanga siku. Wanalijua pia "mention", ambalo tumelitafsiri kwa uaminifu kabisa kuwa kutajwa: siku hiyo kesi inatajwa tu, mashahidi hawasikilizwi. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu, kwa hiyo mwananchi anaweza kusikia "kutajwa" na "kusikilizwa" kwa lugha yake.

Turudi kwa binti yetu, maana kiini cha makala haya kiko kwake. Kwa nini "forward" iwe mapema na "mbele" iwe baadaye?

Fikiria uko kwenye basi kutoka Dar kwenda Morogoro. Umeipita Kimara, umeipita Mbezi, Kibaha iko mbele, kisha Mlandizi, kisha Chalinze. Kondakta alisema mtakula Chalinze. Katikati ya safari anatangaza: "Jamani, chakula tumekisogeza mbele kidogo." Unajua mara moja kwamba utakula Morogoro, na kwamba njaa itakuuma zaidi. Hapa wakati ni barabara, sisi ndio tunaotembea, na mbele ni kule tusikofika bado. Kiswahili kinapenda sana picha hii. Tunasema siku za mbele, huko mbeleni, mbele ya safari. Ndiyo maana gazeti likiandika kwamba uchaguzi wa chama umesogezwa mbele, hakuna msomaji anayefikiri kwamba utafanyika wiki hii.

Sasa shuka kwenye basi uingie benki. Umesimama kwenye foleni, watu kumi mbele yako, dirisha moja tu linafanya kazi. Mlinzi anamwona mama mjamzito nyuma yako, anamwambia: "Mama, sogea mbele." Je, mama huyu atahudumiwa mapema au baadaye? Mapema, tena kabla yako. Neno ni lile lile, "mbele", lakini picha imegeuka. Kwenye foleni wewe hutembei kwenda kwenye siku. Siku ndizo zimejipanga zinakuja dirishani, na dirisha ni leo. Inayosogezwa mbele inalikaribia dirisha.

Kiingereza kinaposema "bring forward" kinatumia picha ya foleni. Usaili wa Jumatano umetolewa kwenye nafasi yake ukaletwa karibu na dirisha, ukawa Jumanne. Kiswahili kinaposema "kusogeza mbele" kinatumia picha ya barabara. Hakuna lugha iliyokosea. Kosa linatokea pale unapochukua neno la foleni ukalisoma kama la barabarani.

Wapo wanaoamini kwamba Kiingereza ni lugha iliyonyooka na kwamba wenyewe hawachanganyikiwi. Si kweli. Mwaka 2002 wanasaikolojia Lera Boroditsky na Michael Ramscar walichapisha utafiti uliowauliza wazungumzaji wa Kiingereza swali jepesi: kikao cha Jumatano ijayo kimekuwa "moved forward" kwa siku mbili, sasa ni lini? Wengine walijibu Jumatatu, wengine Ijumaa. Na kilichonivutia zaidi ni hiki: walipowauliza watu uwanja wa ndege, waliotoka kushuka kwenye ndege waliegemea Ijumaa kuliko waliokuja kuwapokea. Aliyekuwa safarini anafikiri kama msafiri, mambo ya barabara, na anajibu kama kondakta wetu wa Morogoro. Kwa hiyo shika hili: "brought forward" ni mapema, halina ubishi. "Moved forward" uliza, kwa sababu hata mwenyewe aliyeandika anaweza kuwa na siku yake kichwani na msomaji akawa na nyingine.

Upande wa pili kuna "put back" na "pushed back". Hapa "back" ni nyuma ya foleni, yaani baadaye. "The meeting has been put back an hour" ni kwamba kikao cha saa nne kitakuwa saa tano. Lakini, na hapa naomba utulie, Waingereza kila mwaka Oktoba wanarudisha saa zao nyuma kwa saa moja, na wanaita hivyo hivyo "put the clocks back". Kwenye saa ya ukutani maana yake mshale unarudi kwenye saa iliyokwisha kupita. Kwenye kikao maana yake muda unasogea kwenda saa ambayo haijafika. Kama una mtu London wa kuongea naye kwa simu ya kazi, mambo haya mawili yanaweza kukukuta wiki moja. Sisi hatubadilishi saa. Wao wakibadilisha, tofauti kati ya Dar na London inatoka saa 2 za kipindi chao cha joto na kuwa saa 3.

Mtanzania aliyekwenda kutibiwa India, au aliyefanya kazi na ndugu zetu wenye asili ya India wa Upanga na Kisutu, huenda amelisikia neno "prepone". Ni kinyume cha "postpone", kuwahisha. Kuna walimu wanaolikata kwa kalamu nyekundu. Mimi silikati. Ni Kiingereza cha India, limo katika kamusi za Oxford, na kusema kweli linaeleweka kuliko "bring forward". Ila ukimwandikia Mwingereza au Mmarekani, huenda asilijue. Nasi Kiswahili tunalo letu zuri lisilo na utata wowote: kuwahisha. Kikao kimewahishwa. Laiti magazeti yangelitumia zaidi.

Ukishaijua siku, bado kuna saa. Hapa kuna imani moja inayonikera, kwamba saa ya Kiswahili ni ya zamani, au ni saa "ya kienyeji" iliyokosewa, na kwamba mtu aliyesoma aiache. Saa yetu ina hesabu yake, tena safi. Dar es Salaam iko karibu na ikweta, jua linachomoza na kuzama karibu saa zile zile mwaka mzima. Kwa hiyo tunahesabu tangu kunapokucha: saa moja ya mchana ikipita ni saa moja, ya pili ikipita ni saa mbili. Kiingereza kinaanza kuhesabu katikati ya usiku na katikati ya mchana. Tofauti ni saa 6 daima, na kwenye saa ya mshale huhitaji hata kujumlisha: tazama mshale mfupi unapoelekeza, halafu soma namba iliyo upande wa pili, mkabala nayo. Ukielekeza 9, mkabala ni 3, saa tatu. Ukielekeza 2, mkabala ni 8, saa nane. Marehemu bibi yangu hakuwahi kusoma shule, lakini saa ya ukutani yenye namba za Kizungu aliisoma kwa Kiswahili bila kusita.

Shida inakuja mdomoni. Mtu amezoea kufikiri "saa mbili", anamwambia mgeni "Let's meet at two", na mgeni anafika saa nane mchana wakati mwenyeji alimsubiri tangu asubuhi. Usitafsiri namba, tafsiri saa. Saa mbili asubuhi ni "eight", saa kumi jioni ni "four". Na kwenye ujumbe wa ofisi ambao muda umeandikwa 14:00 au 17:30, ondoa kwanza 12 upate 2 na 5:30, kisha vuka upande wa pili: saa nane, saa kumi na moja na nusu. Mwingereza akikutamkia "half seven", ni saa saba na nusu yao, yaani saa moja na nusu yetu.

Wengi hufundishwa kwamba "a.m." ni asubuhi na "p.m." ni jioni. Sivyo hasa. Ni vifupisho vya Kilatini: kabla ya adhuhuri na baada ya adhuhuri. Kwa hiyo "1 a.m." si asubuhi hata kidogo, ni saa saba za usiku. Na tiketi ya ndege iliyoandikwa "Saturday, 12:30 a.m." imewaacha watu wengi wakiwa na mabegi yao. Mtu anasoma Jumamosi, anasoma kumi na mbili na nusu, anajiandaa kwenda uwanja wa ndege Jumamosi usiku baada ya kuagana na ndugu. Ndege iliondoka usiku uliotangulia. Saa sita na nusu ya usiku wa kuamkia Jumamosi, yaani Ijumaa usiku unatakiwa uwe umeshafika uwanjani.

Hapo angalia jinsi Kiswahili kilivyo makini. "Usiku wa kuamkia Jumamosi" hauna utata, na Kiingereza hakina maneno mepesi kama hayo. Wazee wetu wa pwani siku yao inaanza jua linapozama, kwa hiyo kwao "usiku wa Ijumaa" ni Alhamisi baada ya magharibi, na hata leo ukialikwa kisomo usiku wa Ijumaa usiende Ijumaa usiku. Ukimwalika mgeni kwenye kisomo hicho, mwandikie "Thursday evening". Kwa sababu hiyo hiyo ya utata wa usiku wa manane, fomu nyingi za maombi ya kazi na udhamini wa masomo zinaweka mwisho saa 11:59 p.m. badala ya "midnight". Dakika moja hiyo inaondoa ubishi wa usiku upi.

Kuna vineno vidogo vinavyoleta hasara kubwa. Kiswahili kinasema "mpaka Ijumaa" kwa mambo mawili tofauti: ofisi iko wazi mpaka Ijumaa, na leta fomu mpaka Ijumaa. Kiingereza kinayatenga. La kwanza, linaloendelea, ni "until Friday". La pili, la kufanyika mara moja kabla muda haujaisha, ni "by Friday", ifikapo Ijumaa. Ukimwandikia mtu "I will send it until Friday" atashangaa kama utaituma kila siku. Na ukiona "before Friday", siku yako ya mwisho ni Alhamisi. Vivyo hivyo "baada ya saa mbili": fundi wa friji akikwambia nitakuja baada ya saa mbili, hujui kama ni baada ya muda wa saa mbili au ikishapita saa mbili asubuhi. Ndiyo maana watu wanasema "masaa mawili", na walimu wa lugha wakikemea mimi hunyamaza, maana masaa hayo yanafanya kazi. Kwa Kiingereza muda ni "in two hours", na ahadi ya kutozidi ni "within two hours".

"Next Friday" ni ugomvi ambao wenyewe hawajaumaliza. Ikisemwa Jumatatu, wengine wanaelewa Ijumaa hii inayokuja, wengine ya wiki ijayo. "This Friday" ni ya karibu. "Fortnight" ni wiki mbili, usiku kumi na nne. "Biweekly" epuka kabisa, maana kwa mwingine ni mara mbili kwa wiki na kwa mwingine ni kila baada ya wiki mbili. Na tarehe iliyoandikwa 03/04 kwetu na kwa Mwingereza ni tarehe 3 Aprili, kwa Mmarekani ni tarehe 4 Machi. Mwezi uandike kwa herufi.

Kadi za harusi za hapa mjini zimejaa "RSVP" na chini yake namba za simu za wanakamati. Wengi wanadhani ni mahali pa kutuma mchango. Ni kifupi cha maneno ya Kifaransa, tafadhali jibu kama utakuja. Maofisini utakutana na "TBC", itathibitishwa, ambayo ni siku iliyoandikwa kwa penseli, usinunue tiketi. Utakutana na "COB", mwisho wa saa za kazi. Ofisi ya serikali inafunga saa tisa na nusu alasiri, ya binafsi mara nyingi saa kumi na moja jioni, kwa hiyo uliza ya nani.

Limebaki la heshima, nami naliona kubwa kuliko yote. Sisi tukishindwa kufika tunaeleza. Tunaanza na salamu, tunataja mgonjwa, msiba, maji yaliyojaa Jangwani. Tuna neno la thamani, udhuru, na lingine zito zaidi, dharura. Watu wanaotafsiri haraka huandika "I have a problem", na mwenye ofisi anaingiwa na wasiwasi, au "I got a funeral", ambayo haisemeki. Udhuru wa kawaida ni "Something has come up." Sentensi hiyo inatosha, na hakuna atakayekuhoji. Dharura ya kweli ni "I have an emergency." Na msiba ni "There has been a death in my family." Usione haya kuuandika kwa ufupi hivyo. Kwa wenzetu hao ufupi ndio heshima, na hawauoni kama ukali.

Kukataa siku kuna lugha yake pia. "I'm afraid I can't make it on Tuesday" haina woga wowote ndani yake, ni samahani sitaweza kufika Jumanne. "Make it" hapa ni kufika, si kutengeneza. Mmarekani akikwambia "Can I take a rain check?" usitazame mawingu. Neno limetoka kwenye mchezo wao wa besiboli, katika miaka ya 1880: mvua ikiharibu mchezo unapewa kipande cha tiketi cha kurudia siku nyingine. Anakwambia leo siwezi, ila nialike tena. Na "We should have coffee sometime" ni kama yetu ya "siku moja tutatafutana". Hapo hakuna miadi.

Na pale unapopata ujumbe usiouelewa, usibaki unaukisia kwenye daladala. Jibu kwa kurudia siku, tarehe, mwezi kwa herufi, na saa, umwache mwenyewe akusahihishe. Binti wa dada yangu sasa ameihifadhi sentensi hii kwenye simu yake, anabadilisha tarehe tu: "Thank you. Just to confirm, my interview is now on Tuesday 12 May at 9:00 a.m. Is that correct?" Chini yake, kwa ajili yake mwenyewe, anaandika kwa Kiswahili: Jumanne, saa tatu asubuhi.